Nafasi Ina Mwenyewe, Wengine Mnawaitia Nini?

BARUA

Mshauri, habari za kazi.

Mimi ni afisa utawala katika shirika moja lisilo la kiserikali hapa Dodoma. Ofisi ni ndogo, kwa hiyo mambo yote ya ajira yanapita mezani kwangu. Mwezi uliopita tulitangaza nafasi moja ya mhasibu msaidizi. Tangazo lilikaa wiki mbili, likazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, na yakaingia maombi 214. Kila mmoja ametuma barua, wasifu, vyeti vilivyogongwa muhuri wa wakili, cheti cha kuzaliwa, nakala ya kitambulisho cha NIDA na picha mbili za paspoti, maana ndivyo tangazo lilivyotaka. Mshahara tuliandika "maelewano".

Tatizo, nafasi ina mwenyewe. Kuna binti anajitolea hapa, sasa mwaka na nusu. Anaingia saa mbili asubuhi, anatoka saa kumi jioni, anafunga hesabu za mwezi, anapewa posho ya nauli basi. Ni mchapakazi, hata ningekuwa mimi ningemchukua. Mkurugenzi ameshamwambia akae mkao wa mkataba. Ila mfadhili anataka kuona ushindani, kwa hiyo nimeagizwa nichague watu watano "wa kujaza faili", niwaite usaili Alhamisi ijayo. Wawili wako hapa mjini, mmoja Kondoa, mmoja Singida, mmoja Dar es Salaam. Nauli kila mtu juu yake.

Halafu kuna zoezi. Kabla ya usaili hao watano wapewe siku tatu waandae bajeti ya mradi wa maji wilayani Chemba. Mradi wenyewe upo kweli, na andiko lake linakwenda kwa mfadhili mwisho wa mwezi.

Juzi yule wa Kondoa kanipigia. "Dada, nauli nakopa. Naomba tu uniambie kama nije." Nikamjibu nitampigia.

Nimpigie nimwambie nini? Na hao 209 ambao hapa ofisini hakuna hata anayewaza kuwajibu, tuna deni nao?

Mwenye Faili, Dodoma

JIBU

Dada, mpigie leo. Mwambie hivi: "Usaili wa Alhamisi haujathibitishwa. Usikope hela. Nitakupa jibu la uhakika kabla ya Jumatatu jioni." Si lazima umsimulie ya ndani ya ofisi, na hapo hujadanganya, kwa sababu mpaka sasa kweli hamna usaili. Mna tarehe na viti tu.

Kabla ya hiyo Jumatatu, ingia kwa mkurugenzi na swali moja: je, kuna alama ambazo mtu wa nje akizipata Alhamisi, utasaini mkataba wake na kumwacha huyu binti? Akijibu ndiyo, fanyeni usaili, tena vizuri. Akijibu hapana, au akicheka, usiite mtu. Usaili ambao matokeo yake yapo kabla ya maswali haurekebishwi kwa kuwakaribisha watu kwa heshima na kuwapa maji ya kunywa.

Wakubwa wengi hawaoni ubaya wa jambo hili kwa sababu gharama haiingii kwenye vitabu vyao, basi iweke mezani kwa tarakimu. Mtu kuandika barua, kurekebisha wasifu, kwenda steshenari kuchapisha na kuskani, kumtafuta wakili wa kugonga muhuri, hiyo haipungui saa tatu. Zidisha kwa watu 214, unapata saa 642. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki. Kwa hiyo tangazo lenu limekula wiki 14 za kazi ya mtu mmoja, na hakuna aliyelipwa. Bado hujagusa nauli. Wa Dar es Salaam akipanda treni ya SGR daraja la kawaida, ambalo safari zilipoanza 2024 lilikuwa 31,000, ni zaidi ya 60,000 kwenda na kurudi. Wa Singida na wa Kondoa, usaili ukiwa saa tatu asubuhi, itabidi walale gesti, kwa sababu hakuna anayetaka kufika kwenye usaili na vumbi la barabarani kwenye shati jeupe.

Tusichanganye mambo mawili hapa. Kushindwa kwenye usaili wa haki si kupotezewa muda. Mtu amecheza, amefungwa, anajua pa kurekebisha. Wala sheria haikatazi mwajiri kuwa na mtu anayempenda kabla ya usaili, na aliyeshika kazi kwa miezi kumi na minane lazima atawazidi wengine kwa mengi. Kosa lenu lipo kwenye kuchukua siku mbili za mtu na hela yake ya kukopa ili kupendezesha faili, huku yeye akiamini kuwa ana nafasi.

Na faili lenyewe halipendezi. Mkaguzi wa mfadhili akija haulizi tu kama watu waliitwa. Anataka orodha ya vigezo iliyotangulia usaili, karatasi ya alama ya kila mjumbe, na muhtasari uliosainiwa. Akikuta wajumbe watatu wametoa alama zinazolingana mpaka nukta, au karatasi tatu zina mwandiko mmoja, au binti amepata 92 na wengine wote wako chini ya 50, anajua kilichotokea. Saini itakayokuwa chini ya karatasi hizo ni yako.

Sasa njia mbili mlizonazo.

Ya kwanza ni kumpa binti kazi waziwazi. Fungua mwongozo wenu wa utumishi na mkataba wa ruzuku, usome maneno yenyewe, usitegemee "mfadhili anataka". Mara nyingi kuna mlango wa kujaza nafasi kutoka ndani, au wa kuomba kibali cha kutoshindanisha kwa maelezo ya maandishi. Mwandikieni ofisa wa mfadhili barua pepe ya aya mbili: nani, amefanya nini, tangu lini, kwa mshahara gani, na kwa nini kushindanisha hakuna faida. Subirini jibu la maandishi. Simu haiingii kwenye faili.

Mkurugenzi akiona hiyo ni kujisumbua, msomee kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004. Kinasema mtu anayefanya kazi kwa mwingine atachukuliwa kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, ikiwepo hata dalili moja kati ya zilizotajwa: kazi yake inaelekezwa na huyo mwingine, saa zake zinapangwa, yeye ni sehemu ya taasisi, amefanya wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, anapewa vifaa, na kadhalika. Huyo binti anaingia saa mbili na kutoka saa kumi, kwa kompyuta yenu, kwa hesabu zenu. Saa 45 za mwezi anazimaliza wiki ya pili. Akienda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, neno "kujitolea" halitawabeba, na mtaanza kuulizwa mishahara na michango ya hifadhi ya jamii (NSSF) ya mwaka na nusu. Kwa hiyo aliyepotezewa muda mrefu kuliko wote katika habari hii hayuko Kondoa. Yuko meza ya pili kutoka kwako. Na kumpa mkataba kwa sehemu kubwa ni kurasimisha kazi iliyopo, hoja ambayo mfadhili yeyote makini ataielewa haraka kuliko maigizo ya Alhamisi.

Njia hii ikipita, tangazo linafutwa na wote 214 wanaambiwa, siku hiyohiyo. Meseji moja ya herufi 160 inatosha: "Habari. Nafasi ya mhasibu msaidizi uliyoomba imejazwa na mtu wa ndani. Tunaomba radhi kwa muda wako. Nyaraka zako tutazifuta tarehe 30." Namba zao zipo kwenye wasifu, na huduma za kutuma meseji kwa wingi zipo. Kuwatumia wote ni kazi ya asubuhi moja. Hao watano wapigie simu.

Njia ya pili ni kushindanisha kweli. Hapo kuna kazi.

Zoezi la Chemba lifute. Bajeti ya mradi halisi, inayokwenda kwa mfadhili halisi, ni kazi ya mshauri mwelekezi, na mshauri analipwa. Watu watano kwa siku tatu ni siku 15 za kazi ya bure, na andiko likishinda fedha, mmoja wao atakuja kuona namba zake kwenye mradi wenu. Zaidi ya hapo, zoezi halipimi kazi mnayoajiria. Mhasibu msaidizi haandiki bajeti za miradi ya maji, anaandaa hati za malipo na kufanya usuluhishi wa kibenki, yaani kulinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki. Mpimeni kwa hilo, dakika 40, hapohapo ofisini siku ya usaili. Chukua taarifa ya benki ya mwezi mmoja wa mwaka uliofungwa, futa majina na namba za akaunti, bakiza miamala 25. Weka daftari la fedha la mwezi huohuo, upande mitego minne: hundi iliyoandikwa ambayo haijawasilishwa benki, makato ya benki ambayo hayakuingizwa, malipo yaliyoingizwa mara mbili, na 54,000 iliyoandikwa 45,000. Huo wa mwisho ndio mtamu. Tofauti yake ni 9,000, na tofauti inayogawanyika kwa tisa humwambia mhasibu aliyeiva kwamba huenda kuna tarakimu zimegeuzwa. Utamwona anavyoutafuta. Asiyejua atajumlisha upya ukurasa mzima mpaka muda uishe. Binti asilione zoezi kabla, na karatasi zisahihishwe kwa namba badala ya majina.

Alama zigawanywe kabla hamjafungua wasifu wowote, mathalani zoezi 50, mahojiano 30, uzoefu 20. Binti atapata uzoefu wake kihalali humo, na kama ni mzuri kama unavyosema, atashinda bila kubebwa. Kwenye kamati awepo angalau mjumbe mmoja asiyefanya naye kazi.

Kabla ya mtu kukata tiketi, simu ya dakika kumi. Mwambie mshahara, mwambie kituo cha kazi ni Dodoma na si Dar es Salaam, muulize ataanza lini. Anayelipwa kwa mwezi, sheria inataka notisi isiyopungua siku 28, kwa hiyo kama mnataka mtu wa wiki ijayo na yeye yuko kazini kwingine, mmalizane kwenye simu. Mwambie pia ukweli huu: "Kuna mwombaji wa ndani anayejitolea hapa. Alama zitagawanywa hivi na hivi." Wako watakaosema basi, siji. Hiyo ni haki yao, na wewe umewapunguzia safari. Anayetoka mbali afanye mahojiano kwa video, zoezi alifanye huko aliko mbele ya kamera, aje Dodoma akiwa amebaki mmoja kati ya wawili. Mkilazimisha aje, mlipeni nauli. Ofisi inayosema haina bajeti ya nauli za watu watatu ijiulize kwa nini inadhani mtu asiye na kazi anayo.

Kuhusu "maelewano" kwenye mshahara, neno hilo linapoteza muda wa watu wengi kuliko usaili wenyewe. Tuseme mmetenga 900,000 kwa mwezi. NSSF ya mwajiriwa, asilimia 10, inaondoka na 90,000. Inabaki 810,000 ya kukatwa kodi, na kwa viwango vinavyoanzia 270,000, kodi ya mshahara (PAYE) ni 80,500. Mkononi inafika 729,500. Kama alisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo, asilimia 15 ya mshahara, yaani 135,000, nayo inakwenda, na anabaki na 594,500. Aliyepanga chumba na ana mtoto anahitaji kuijua namba hiyo kabla ya barua ya kwanza, asije akaijua siku ya kusaini. Anayekataa kazi mwishoni kwa sababu ya mshahara mnamwita msumbufu, lakini namba mliificha wenyewe. Andikeni kiwango kabla ya makato, hata kama ni cha kati ya hapa na pale.

Nyaraka nazo. Muhuri wa wakili unalipiwa kwa kila karatasi, na ninyi mmewagongesha watu 214 ili mhakiki vyeti vya mmoja. Hatua ya kwanza inahitaji barua ya ukurasa mmoja na wasifu, basi. Vyeti halisi ataonyesha anayefika mwisho, mviangalie kwa macho, mpige nakala wenyewe. Picha ya paspoti haina kazi yoyote mpaka siku ya kutengeneza kitambulisho cha ofisi, na ikiwa mezani wakati wa kuchuja inawapa wajumbe cha kutazama ambacho si kigezo. Kumbuka kwamba kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira kinachokataza ubaguzi kinamlinda hata mwombaji, na kinagusa matangazo na vigezo vya uteuzi. Nakala za NIDA na vyeti vya kuzaliwa mlizonazo sasa ni mzigo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inataka mkusanye kile tu kinachohitajika kwa kusudi mlilotaja na msikae nacho kupita kusudi hilo. Vitambulisho 214 kwenye barua pepe ambayo nywila yake inajulikana na watu wanne ni ajali inayosubiri siku. Panga tarehe ya kufuta, uifute kweli, na kwenye kikasha cha takataka pia.

Kwa hiyo ndiyo, hao 209 mnadaiwa nao, na deni lao ni dogo: jibu na kufutiwa nyaraka. Anayeomba serikalini kupitia Ajira Portal nyaraka zake zinakaa kwenye akaunti moja, orodha ya walioitwa inawekwa hadharani, na asiyejiona anaendelea na maisha. Kwenu hana pa kuangalia. Anabaki kubeba simu hadi bafuni, akikataa kibarua cha wiki mbili kwa hofu ya kuitwa akiwa shambani Kongwa. Kwenye tangazo lijalo wekeni tarehe: "Asiyepigiwa mpaka tarehe fulani ajue hakuchaguliwa." Mkichelewa, sogezeni tarehe kwa meseji. Aliyeshika nafasi ya pili mwambieni kuwa ni wa pili, na siku gani mtampa neno la mwisho, ili kama ana ofa nyingine aichukue kwa amani.

(Waombaji nao wana yao. Anayethibitisha kuja na asitokee, au anayekuja usaili akiwa ameshasaini kwingine ili tu apate mazoezi, amechukua kiti cha mtu wa sita kwenye orodha. Ila yeye hakuandika tangazo.)

Ikitokea mkurugenzi akakataa njia zote mbili, andika dokezo la nusu ukurasa: ulishauri nini, tarehe gani, akajibu nini. Weka nakala. Omba kwa maandishi usiwe mjumbe wa kamati na usisaini karatasi za alama. Na kama nyuma ya uteuzi wowote ofisini hapo kuna hela au mahusiano ya kimapenzi, jambo ambalo hukulisema na hatulidhani kwa binti huyu, hilo si la safu hii. Ni la TAKUKURU, simu 113, bila malipo, na Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 ina kifungu chake mahsusi cha rushwa ya ngono, namba 25.

Jumatatu jioni mpigie wa Kondoa kama ulivyoahidi, hata kama jibu bado halijapatikana.